Waya Mmoja Uliobaki

Ndugu waombolezaji, mliomo ndani kwenye viti na mlioko nje mmekalia pikipiki zenu, naomba utulivu, ingawa najua kwamba huyu tunayemsindikiza leo hakuujua utulivu hata siku moja, na angekuwa nasi hapa angekwisha nyanyuka mara mbili tatu kwenda kuangalia kwa nini ile feni ya ukutani inakwaruza. Mimi ni mdogo wake, nilimfuata kwa kuzaliwa, ni fundi cherehani, sikuzoea kusema mbele za watu, lakini familia imenituma, na marehemu mwenyewe alinituma kabla yao, na wahenga walisema mjumbe hauawi, nawaomba mlikumbuke neno hilo mpaka nitakapomaliza.

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Agosti 1972, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, baba yetu akiwa mwendesha mashine ya kusaga nafaka na mama akiuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na mashine yenyewe, kiasi kwamba sakafu ilitetemeka mchana kutwa na vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Mama alisema mtoto yule alitikiswa tangu tumboni, ndiyo maana hakai. Alipokuwa na miaka sita alifungua redio ya baba, akairudisha, skrubu moja ikabaki mkononi, na redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo, baba asijue ampongeze au amchape, akafanya yote mawili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, kisha sekondari hadi 1990, akajiunga na chuo cha ufundi kusomea umeme, akahitimu Novemba 1993, akiwa msichana peke yake darasani, jambo ambalo hakupenda litajwe, basi nimelitaja na naendelea.

Kazi ya kwanza aliipata Februari 1994, katika kampuni ya kufunga na kukarabati lifti, akaifanya kwa miaka mingi, na humo ndimo alimojifunza sheria iliyokuja kuwa jina lake. Lifti, alituambia, ni mnyama mwoga, na uoga wake ndio wema wake, mlango usipofunga sawasawa inasimama, kamba ikilegea inasimama, ikihisi chochote isichokielewa inasimama, na lifti iliyosimama haimuui mtu, inamchelewesha tu. Ukiwa na shaka, zima. Sheria hiyo akaitoa kazini akaileta nyumbani, akimkuta mtu anapiga pasi atasema zima kwanza, akimkuta mama anachokonoa jiko la umeme atasema zima kwanza, mimi na cherehani langu nilizimishwa mpaka nikawa nashona kwa kuvizia akitoka, na mtaa mzima ukamwita Zima-Kwanza, watoto wengine wakadhani ndilo jina alilopewa na wazazi.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 na shemeji yetu, mwalimu wa hisabati, ambaye alikwama ndani ya lifti kati ya ghorofa mbili akiwa na mzigo wa vitabu, akajaribu kuuvuta mlango kwa mikono, na dada alipofika kumwokoa alimgombeza kwanza kupitia upenyo kabla ya kumtoa, shemeji akasema moyoni kwamba mwanamke anayekasirika kiasi kile kwa ajili ya uhai wa mtu asiyemjua hafai kuachwa apite. Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye leo ni mkunga, na kijana aliyezaliwa mwaka 2003, kitindamimba, ambaye anaendesha pikipiki ya kubeba abiria, na yuko pale mlangoni, amesimama, kama mama yake tu, kukaa hawezi.

Machi 2019 marehemu aliacha lifti, akaajiriwa kwenye karakana inayounda pikipiki za umeme, akapewa dhamana ya mfumo wa udhibiti na usalama, yaani kile kisanduku kilichojificha chini ya kiti, kinachosikiliza mkono wa mwendeshaji, breki, joto la betri, na ile swichi ndogo inayojua kama stendi ya pembeni, ule mguu wa chuma wa kuegeshea pikipiki, imekunjwa au imeshushwa. Swichi hiyo ni ndogo kama kifungo cha shati, lakini ina kazi kubwa, kwa sababu pikipiki ya umeme haingurumi, unaweza kuigusa ikaondoka na wewe stendi ikiwa chini, ukikata kona ya kushoto ule mguu unachimba lami, na kinachofuata unakijua. Dada akafanya alivyozoea. Akaweka sheria ya lifti ndani ya pikipiki, kwamba kisanduku kikipata shaka juu ya stendi, mota izime papo hapo.

Hapa ndugu zangu nasoma kama alivyotaka nisome, kwa sababu alikataa nilifunike kosa lake. Tarehe 17 Mei 2021, mchana, mvua ikinyesha, kijana tunayemwita Kasi, rafiki wa mpwa wangu tangu darasa la kwanza, alikuwa anavuka njia panda, tope likaingia kwenye swichi, kisanduku kikadhani stendi imeshuka, kikapata shaka, kikazima, kama kilivyofundishwa, na pikipiki ikafa katikati ya barabara mbele ya lori la mchanga. Kasi alipona, mguu wake wa kushoto haukupona, ulikatwa chini ya goti.

Wakubwa wa karakana waliandika kwamba mwendeshaji hakukunja stendi vizuri. Dada aliingia katika kikao chao bila kuitwa, akasema stendi ilikuwa imekunjwa, kisanduku ndicho kilichokosea, na aliyekifundisha kukosea ni yeye, kwa kuwa alisahau kwamba lifti ikisimama hakuna lori nyuma yake. Meneja akamwambia, "Mama, unajua unachokisema? Unajifunga mwenyewe." Akajibu, "Nimekwisha kujifunga, sasa nifungulieni stoo nichukue vifaa."

Tangu siku hiyo hatukumwona akimaliza chai kwenye kikombe, aliinywa akitembea, chumba cha kulia kikageuka karakana, meza ikajaa swichi zilizolowekwa tope kwenye bakuli za mboga, shemeji akala amesimama jikoni na hakulalamika, au alilalamika kwa hesabu zake za kimya. Marehemu alikwenda hospitali kumwomba Kasi radhi, mama yake Kasi akamfukuza, akarudi, akafukuzwa tena, na safari ya tatu Kasi mwenyewe akasema, "Muacheni aingie, anipe kazi ya kufanya, nimechoka kuhesabu mabati." Basi wakatengeneza pamoja, mmoja kitandani na mmoja akizunguka kitanda. Swichi zikawa mbili badala ya moja, zisipokubaliana kisanduku hakizimi, kinalia kwanza, kisha kinapunguza nguvu pole pole, mwendeshaji anapata nafasi ya kwenda pembeni kwa heshima yake, na kuzima papo hapo kukabaki kwa pikipiki iliyosimama tu, ili isiondoke stendi ikiwa chini. Septemba 2022 pikipiki zote zilirudishwa karakana zikabadilishwa, na Kasi, akiwa na mguu wa bandia, ndiye aliyezijaribu. Nilikuwepo. Dada alimtazama akizunguka uwanja huku ameuma kola ya ovaroli niliyomshonea, akaitoboa.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia hapo, kwa sababu mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na baada ya ajali ile vijana wetu walikwisha jitengenezea dawa yao, ndivyo walivyoiita, dawa, kipande cha waya kinachounganishwa chini ya kiti ili kisanduku kiamini kwamba stendi imekunjwa siku zote, milele na milele. Mfumo mpya ulipokuja, dawa iliyotolewa karakana ikarudishwa kijiweni, na pikipiki yenye dawa haisikii kitu, utaondoka stendi ikiwa chini na hakuna atakayekuonya. Watatu walirushwa kwenye kona kabla mwaka haujaisha, mmoja amekaa pale nyuma, mkono hauinuki kupita bega. Dada akachukua koleo la kukatia nyaya, akawa anapita kijiwe hadi kijiwe, anainua viti vya pikipiki za watu, anakata, anatukanwa, anakata tena, na mkasemezana kwa filimbi, akitokea kona ile mnachomoa, akiishia kona ile mnarudisha, msinitazame hivyo, alijua, alikuwa ananihadithia huku anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kinamchoma.

Na kilichomchoma zaidi kilikuwa nyumbani kwake. Mganga hajigangi. Pikipiki ya mwanawe wa kuzaa ilikuwa na dawa, na alipotaka kuikata, kijana alishika mkono wake, akamwambia kwa adabu, bila kupaza sauti, "Mama, nakuheshimu, lakini siwezi kupanda kitu chako kinachozima." Aliyekata nyaya za watoto wa wenzake mjini kote alirudisha koleo mfukoni, na hakulitoa tena mbele ya mwanawe, akiniambia kwamba imani haikatwi kwa koleo, na kwamba kijana alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini kila pikipiki ile ilipotoka uani alisimama dirishani, akiitazama mpaka ipite kona ya kushoto, na kila ilipopita salama alikaa chini kwa pumzi moja, kisha akanyanyuka tena.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Oktoba 2024, miguu ikavimba, pumzi ikakata, akalazwa mara kadhaa, na wauguzi watanisamehe nikisema hakuwa mgonjwa rahisi. Mashine iliyofungwa kifuani kwake ilikuwa inalia ovyo kila akigeuka, akamwambia daktari kwamba kengele inayolia bila sababu inawafundisha watu kutosikia, siku italia kwa kweli na ninyi mtakuwa mnakunywa chai, daktari akacheka, kisha akaacha kucheka, akaagiza nyaya zibadilishwe. Hali ilibadilika ghafla, na tarehe 12 Juni 2025, saa tisa alasiri, dada yetu akaaga dunia, binti yake akiwa amemshika mkono, mashine ikiwa imelia kwa wakati wake na madaktari wakiwa wamefika kwa wakati wao, lakini siku zilikuwa zimetimia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, zaidi kwa uvumilivu wao kuliko dawa zao. Tunawashukuru majirani waliotupikia, waliolala na shemeji sebuleni asibaki peke yake na zile bakuli. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana, na wale wa lifti, waliokuja wote, wakapanda ngazi. Tunamshukuru mama yake Kasi, ambaye jana alimfukuza mtu mmoja tu hapa msibani, mimi, jikoni, ili nikapumzike. Nanyi waendesha pikipiki, mliokuja kumsindikiza mkiwa wengi hivi, familia haina la kuwalipa.

Ila marehemu analo la kuwadai. Siku mbili kabla hajatutoka alinivuta kola, akasema najua watakuja na pikipiki zao, wana mioyo mizuri vijana wale, basi usikubali gari linibebe kukiwa na pikipiki hata moja nyuma yangu yenye waya, barabara ya makaburini ina kona za kushoto tupu. Ndiyo maana gari bado limesimama. Dereva hajachelewa, mimi ndiye niliye na ufunguo, huu hapa.

Kasi, nyanyuka mwanangu, watu wakuone. Huyu ndiye aliyekatwa mguu na kosa la dada yangu, na leo amekuja hapa kwa pikipiki ya umeme, chini ya kiti chake hakuna waya, nendeni mkaangalie, na kama yeye anauamini mfumo ule, sijui mwingine anasubiri kukatwa nini. Atapita nje pikipiki moja moja, mwonyesheni.

Na wewe mpwa wangu, pale mlangoni. Mama yako alisema nikuambie mbele za watu, kwa kuwa faraghani ulikuwa na adabu mno, akashindwa kukukasirikia. Alisema hana lawama nawe. Alisema ulikuwa na haki ya kuogopa, na kosa alilolifanya amelirekebisha kwa nguvu zake zote, amekosa kitu kimoja tu, kukuona unapita ile kona akiwa amekaa kwenye kiti. Njoo uchukue koleo lake, lilikuwa kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, mfuko nilioushona mimi mwenyewe. Usimwachie Kasi, wako ukate wewe. Zima kwanza, mwanangu, ndipo ukate, nasi sote tunakusubiri, kisha utatangulia mbele ya gari.

Dada, anakuja. Amelishika. Kaa sasa, usinyanyuke tena, pumzika kwa amani.