Bortolo Zanin na Kisiwa cha Lucieta

Marehemu Bortolo Zanin alizaliwa Chioggia tarehe 4 Mei 1508, mtoto wa pili wa fundi wa nyavu. Alisomeshwa na padri wa parokia, kisha akaletwa hapa Venisi kwa sonara, ambako mkono wake ulizoea kuchonga madini.

Mwaka 1535 alianza kuchonga ramani kwenye mabamba ya shaba, na mimi Anzolo nikawa mpiga chapa wake. Jamani, siku ile tulipoitoa ramani ya dunia, Afrika nzima imezungukwa na maji na pwani mpya za magharibi zimejaa majina, tulirukaruka kama watoto. Babu zetu hawakuwahi kuitandika dunia mezani namna ile.

Kwenye ramani hiyo, magharibi ya Ayalandi, palikuwa na kisiwa kidogo. Bortolo alikikuta, hakina jina, kwenye mchoro wa karatasi aliokuwa akiunakili, akakipa jina la msichana aliyekuwa akimchumbia, dada yangu Lucieta. Walifunga ndoa mwaka uliofuata. Miaka mingi baadaye aliutazama tena mchoro ule, akaunusa. Kisiwa kilikuwa doa tu la siki ya dagaa, lililodondokea karatasi. Wakati huo wachongaji wa Roma na Antwerp walikwisha kukinakili, na nahodha mmoja aliapa kwamba alichota maji pale.

Tangu hapo hakuwa na raha. "Shemeji," aliniambia, "meli ikiishiwa maji ikakimbilia pale, watu watakunywa nini? Siki?"

Lakini Lucieta alikuja juu. "Yaani nimekuzalia watoto watatu, ndiyo leo unanifuta?"

Bamba likabaki vilevile. Novemba iliyopita kifua kilimshika, akashindwa hata kunyanyua nyundo, na bado alikitaja kisiwa kila siku. Hatimaye Lucieta mwenyewe aliligeuza bamba, akaligonga kwa nyuma mpaka mchongo wa kisiwa ukajaa, na binti yao Orsetta akalisugua. Nilipiga chapa nikakimbia nayo kitandani kwake wino ukiwa mbichi.

Bortolo alipitisha kidole, akakuta maji matupu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Haya, umeridhika?" Lucieta akamuuliza.

"Sogea hapa," akasema. "Kule ulikuwa mbali mno."

Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Februari 1566. Ameacha mjane, Lucieta. Watoto, Orsetta, Marin na Zuane. Na wajukuu watano.

Mungu ampumzishe, na walio baharini wafike salama.