Kwaya ya Alhamisi

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja fundi cherehani alimtambua binti wa chuo kikuu aliyekuwa akiwaimbisha yeye na wenzake kwenye zahanati ya mtaa. "Mwanangu, kwaya yetu mmeiua kwa nini?"

"Hatukuiua, mama. Ulikuwa utafiti wa kuona kama kuimba pamoja kunapunguza upweke. Tulipokuhoji ulisema upweke wako umekwisha. Wenzako pia. Tukafunga."

"Mlikuja kwangu wageni, mkakaa kwenye kochi langu, mkaniuliza hali. Ningewajibu vibaya?"

"Tulitaka ukweli, mama. Ungesema bado, tungeomba tuendelee."

"Mgeni haambiwi mambo hayo!"

Binti akageukia dirisha, ambako hakukuwa na la kutazama. Mimi nikajifanya nasoma tiketi yangu, yenye maneno mawili tu.

"Siku hizi Alhamisi naimba jikoni," mama akasema, sauti imeshuka. "Lakini mimi ni sauti ya pili. Ya kwanza hakuna."

Basi likasimama kituoni kwake. Akainuka, akakumbatia mfuko wake.

"Lakini hujambo, mama?" binti akamuuliza.

"Sijambo kabisa, mwanangu," akajibu, akashuka.