Ugoro wa Muthoki

Mwaka ule wa ukame, ndani ya basi la Kanyangi, mbele yangu walikaa wanawake wawili waliotoka kwenye kilumi, ngoma ya kuita roho za wazee wetu. Mdogo, Nzilani, alikuwa amempakatia mwenzake ngoma yake ili isigongwe njiani. Nilimpenda kwa hilo.

"Miaka ishirini napigia marehemu nyanya yangu hii ngoma," alisema yule mkubwa, Muthoki, "na hajanipanda hata siku moja. Wewe umekuja kutuletea maji tu, akakupanda kichwani! Wewe wa kwaya!"

"Mwaitu, mama yangu, mimi sikumwita. Nilianguka tu. Sikumbuki hata neno moja."

"Huyo ni nyanya yangu, si yako. Amekupendea nini? Hiyo sauti ya kanisa?"

Watu wa nyuma walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, mpaka nikaona Muthoki akifuta macho kwa ncha ya leso.

Tukavuka mto mkavu. Kisha Nzilani akasema polepole, "Uliondoka ngomani mapema kwa hasira. Nyanya yako aliomba ugoro."

"Wa nani?"

"Wako. Alisema wa mtu mwingine hataki."

Muthoki akashika kikopo chake cha ugoro. "Si umesema hukumbuki hata neno moja?"

Basi likasimama. Nzilani alishuka kwanza na ngoma, akanyoosha mkono amsaidie. Muthoki akabaki mlangoni, kikopo kifuani, akiutazama mkono ule.

"Mama," kondakta akamwuliza, "unashuka ama hushuki?"