Aliyeomba Kazi Kabla ya Kuuliza Swali

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia nimesimama mimi, mdogo wake anayemfuata kuzaliwa, kuwasomea maisha ya dada yetu kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeitaka, yaani tangu mwanzo, bila kuruka hatua na bila kumpamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1998, katika zahanati ya kiwanda cha nguo ambako baba yetu alikuwa fundi wa mitambo, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Jina la Kiherehere alipewa na shangazi, ambaye yupo hapa na hatakana, siku alipomkuta, akiwa na miaka sita, jikoni kwa jirani, akimenya vitunguu huku mke na mume wakigombana, na alipomkemea, "Wewe umeitwa na nani huku?" akajibu, "Hakuna, shangazi, ila vitunguu ni vingi."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 2005 hadi 2011, akaendelea na sekondari hadi 2018, na kwa kuwa ada ya chuo ilikuwa mlima kwetu, alifanya usafi katika wodi ya watoto huku akiomba ufadhili, akakataliwa mara mbili, mpaka Oktoba 2019 alipopata nafasi ya kusomea shahada ya ustawi wa jamii, kwa sharti kwamba asiahirishe mwaka wala asirudie somo. Februari 2021 figo zake zilishindwa kufanya kazi, akaanza kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, na tulipomsihi apumzike kwanza, mimi nikiwa mstari wa mbele, alitujibu kwamba mashine inashika mkono mmoja tu, wa pili ni wa kitabu.

Kwa upande wa ndoa, alichumbiwa Desemba 2021 na fundi bomba huyu aliyeketi kando ya mama, akamwomba asubiri mafunzo kwa vitendo yaishe, kwani hawezi kuvaa shela huku anadaiwa ripoti, naye shemeji akasubiri kwa moyo mweupe. Hakujaliwa watoto, na sitasema kwamba watoto wa kazini walikuwa wake, maana angenikatiza hapa hapa: aliamini kila mtoto ana watu wake, na kazi ni kuwatafuta na kuwashikilia.

Mafunzo hayo aliyaanza Juni 2022 katika ofisi ya ustawi wa jamii, akakabidhiwa ndugu watatu waliofiwa na wazazi, wakiishi na mama yao mdogo, muuza mitumba, katika chumba kimoja, ambao ofisi ilikusudia kuwatenganisha kwa sababu ya ufinyu wa chumba hicho. Desturi yake ilikuwa kutouliza swali katika nyumba ya mtu kabla hajaomba kazi ya kusaidia, na ni kwenye karai la vyombo ndipo mama mdogo alipomnong'oneza kwamba kitinda mimba, ambaye katika faili aliandikwa kuwa hasemi, husema, ila husema na dada yake tu, wakishalala. Msimamizi wake, mama mwenye misimamo, alimwonya kwamba afisa ustawi haoshi vyombo vya mteja, naye akajibu, "Mama, nikikaa kwenye kiti wananijibu, nikiosha vyombo wananiambia." Alifelishwa.

Ufadhili ulikuwa umeponyoka, lakini alikata rufaa kwa bodi ya ufadhili, akakubaliwa kurudia mafunzo bila posho ya kujikimu, na Januari 2023 akarudi katika ofisi ile ile, kwa msimamizi yule yule, kwa familia ile ile, na kwenye karai lile lile. Shauri la watoto lilipopangwa Jumanne, tarehe 13 Juni, aliomba hospitali imsogezee tiba hadi Jumatano, akaenda mahakamani miguu imevimba, viatu kavaa vya shemeji, akaeleza alichokisikia kwenye karai, na hakimu akaamuru watoto wabaki pamoja, chini ya uangalizi wa ofisi. Tarehe 26 Juni matokeo yalitoka, akiwa amefaulu, na tarehe 2 Julai, saa tatu asubuhi, moyo wake ukasimama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotulazia wageni, wahadhiri na wanafunzi wenzake. Tunamshukuru pia msimamizi wake, ambaye jana, tukiwa tunamtafutia kiti cha heshima, tulimkuta nyuma ya nyumba, mikono ya blauzi ameikunja, akiosha vikombe pamoja na mama mdogo wa wale watoto, na ambaye ametueleza kwamba uangalizi wa familia hiyo ameuchukua yeye mwenyewe.

Kwa hiyo pumzika, Kiherehere wetu, pumzika kwa amani, vyombo vina mtu.