Vidole Juu, Mama Nyundo

Mheshimiwa Mganga Mkuu, waheshimiwa madaktari, ndugu wauguzi, wagonjwa wenzangu mliotoroka wodini kufuata keki, na wewe Mama Nyundo, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo unayestaafu leo: hamjambo?

Nimekuwa ripota miaka thelathini na mmoja. Nitasema niliyoyaona tu.

Mwaka jana nilipigwa na kiharusi. Shavu la mguu wa kushoto likakaza kama kamba ya kuanikia nguo, kisigino kikagoma kugusa chini. Mhariri wangu akaniambia kwa upole kwamba ofisini kuna kiti. Ndugu zangu, ripota wa mtaani akipewa kiti, si amezikwa?

Mama Nyundo hakuhangaika na shavu. Akagusa mbele, kwenye muundi.

"Kaka, vuta vidole juu. Msuli wa mbele ukikaza, wa nyuma unaamriwa kulegea, hapo hapo kwenye uti wa mgongo."

Nami nilidhani amri zote hutoka makao makuu kichwani! Kumbe tawi la mgongoni lina mambo yake.

Ili apime, alinilaza kifudifudi, nyayo zikining'inia, akagonga kano ya kisigino kwa kile kinyundo chake. Ko! Mguu ukaruka. Nikavuta vidole, akagonga: badala ya kutulia, ukaruka zaidi. Siku tatu hivyo hivyo. Siku ya nne akainama, akanichungulia usoni.

"Kaka, mbona umekaza meno hivyo?"

"Si umenikataza kuuliza maswali?"

Alicheka hadi nyundo ikamdondoka. Kumbe ukikaza meno, hata mguu huchachamaa! Kimya changu kilikuwa kimeharibu vipimo vya siku tatu.

"Haya, uliza, usije ukapasuka!"

Niliuliza maswali arobaini na mawili, umri wake ukiwamo. Hilo alikataa. Kwenye swali la kumi na nane nikavuta vidole, akagonga. Mguu tuli! Muuguzi aliyekuwa mlangoni alipiga vigelegele hadi akafukuzwa.

Mhariri yuko pale nyuma. Ameahidi kwamba nikipanda na kushuka jukwaa hili bila fimbo, kesho narudi mtaani. Kupanda mmeona. Sasa, kwa ruhusa yenu, nashuka na kipaza sauti.

Ngazi ya kwanza. Mama Nyundo, nakuona unavyonong'ona "vidole juu", viko juu! Ya pili. Kaa, mama, usinishike! Ya tatu.

Mhariri, hicho kiti mpe mwingine. Nanyi nyote, asanteni sana kwa masikio yenu.