Maneno Kumi na Mawili Yaliyotoka na Nguo

Benchi letu liko ubavuni mwa chumba cha mshonaji, na muuza kahawa ni mimi, kwa hiyo upuuzi wote wa hapo hupita masikioni mwangu ungali wa moto. Siku hiyo mshonaji hakukalia cherehani. Alikuwa amemwaga vikaratasi juu ya meza ya kukatia, anavihesabu mara ya tatu. Kesho asubuhi ana mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi: watu mia nane, nafasi arobaini. Mwaka jana aliangushwa na sehemu ya msamiati. Neno analiona, maana haitoki mdomoni. Mwakani umri utakuwa umempita. Basi kwa miezi minne aliandika neno moja kwenye kila kikaratasi, akakitia kwenye mfuko wa nguo aliyokuwa anaishona, ili kila akiugusa mfuko ajiulize maana. Akili nzuri, ila nguo zina wenyewe. Maneno kumi na mawili yalikuwa yameondoka na wateja.

— Na hayo ndiyo yatakayotoka, akasema. Naijua bahati yangu.

Spana, fundi baiskeli, alimtuliza kwamba watunga mitihani ni wavivu, wanafungua kamusi katikati tu, kwa hiyo asome herufi M akalale. Kinyozi, tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, alipinga. Yeye anaamini maneno hukaa kichwani usipooga. Nikamuuliza ameacha kuoga tangu lini, maana sijamsikia na neno gumu hata moja. Spana akaona ushauri huo hautoshi. Akataka tugawane mitaa, tubishe hodi kwa wateja wote, tuwapekue.

— Na mke wa mwenyekiti utampekua? nikamuuliza.

— Mfuko ni mfuko, bibi.

Mshonaji hakucheka. Mguu wake ulikuwa unakanyaga pedali isiyokuwepo.

Ndipo akaja binti mmoja na koti la bwana harusi wake mkononi. Ndoa yao ni Jumamosi. Akatoa kikaratasi kwenye mfuko wa koti, akakiweka mezani. Kimeandikwa: kughairi.

— Nani kaandika hiki?

Mshonaji akakidaka kama mtoto aliyepotea. Akamweleza habari ya mtihani, akamwomba radhi, na pale pale, bila kupepesa jicho, maana ikamtoka:

— Kubadili nia baada ya kuwa umeshaamua.

Redio akapiga makofi. Binti hakupiga.

— Maana naijua, dada. Jana alilijaribu koti mbele yangu. Akaingiza mkono, akakisoma, akakikunja vizuri, akakirudisha. Kwa nini hakuuliza nani kakiweka?

Redio alizimika. Spana akaanza kufuta bisibisi iliyokwisha kufutwa. Mimi nikainua birika nipate cha kufanya, lilikuwa tupu.

Mshonaji alikikunja kikaratasi kama kilivyokuwa, akamrudishia.

— Mpelekee mwenyewe, umuulize. Mimi hili sitalisahau tena.

Binti akaondoka, koti begani. Anakaza mwendo, anapunguza, anakaza tena. Mshonaji alimtazama mpaka kona, kisha akarudi mezani.

— Bado kumi na moja, akasema, akaanza kuhesabu upya.