Viatu vya Ntirampeba vyenye Pua ya Bati

Kasulu, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vipya, benchi la Mwajabu muuza kahawa halikuhamishwa na mtu. Asubuhi hiyo alilikalia Ntirampeba, mpasua mbao, amevua viatu vipya na kuvitazama kama mtu anavyomtazama shemeji mkorofi. Mwenzake wa msumeno, Havyarimana, alikuwa kwake Makere, dole gumba la mguu limepondwa na gogo. Baada ya hapo msimamizi wa daraja wanalolipasulia mbao alikuwa ametangaza siku, nayo ni kesho: asiyefunika vidole hagusi gogo. Ndipo Tamimu fundi viatu alipomshonea hivi: soli ya tairi, ngozi ya ng'ombe, na puani kipande cha bati la debe. Gogo likianguka, bati linapokea. Ila havivaliki.

— Vinabana wapi? Tamimu akauliza, amenuna.

— Uliza wapi havibani, bwana. Jana nimekwenda navyo kisimani, nimerudi natembea kama kuku aliyefungwa kamba.

— Mguu wako una ubishi. Kiatu changu hakina kosa.

— Ubishi! Mguu huu umebeba magogo toka ujana, haujawahi kumjibu mtu.

Makarius, ambaye wote humwita Korogwe kwa sababu alikata mkonge huko akiwa manamba na hana hadithi isiyoanzia huko, akasogeza kikombe.

— Kule Korogwe viatu vya kazi tuliviloweka mtoni, halafu unavivaa hivyohivyo mpaka vikaukie mguuni. Hata kulala unalala navyo.

— Na mkeo alisemaje? Mwajabu akauliza.

— Manamba alikuwa na mke wapi?

— Haya. Sisi tulisikia mengine.

Korogwe akainamia kahawa yake. Khatibu, mnene wa kijiwe, wanayemwita Redio kwa kuwa hakuna ajuaye kumzima, akadakia.

— Maji hayasaidii. Kosa ni tairi. Tamimu, ulilitoa wapi?

— Kwenye lori lililopinduka njia ya Kibondo.

— Si ndiyo hayo! Tairi limezoea milima. Ukilileta tambarare linajikunja, linatafuta mlima.

— Linatafuta mlima! Tamimu akamaka.

— Mpelekeni kilimani muone kama vitabana.

— Tairi silo, Korogwe akasema. Ni ngozi. Ng'ombe yule alichinjwa katikati ya ugomvi wa ndugu, nilikuwepo. Ana hasira mpaka leo. Paka samli, umwombe radhi.

— Nimwombe radhi ng'ombe?

— Tena umtaje jina.

Ntirampeba alivisikia vidole vikipwita. Nafasi yake ya kusimama juu ya gogo na kuvuta msumeno aliipata kwa jasho, hakuwa tayari kumwachia mwingine kwa sababu ya ng'ombe mwenye kinyongo.

— Nyie semeni. Kesho napanda gogo, na jioni vidole vyangu vyote vinarudi nyumbani. Tamimu, hatuondoki hapa mpaka vivalike.

Hapo akafika mama mmoja wa Rungwe Mpya, Epifania, kikapu cha maharage kichwani.

— Mwakeye! akawaamkia kwa Kiha.

— Mwakeye, mama.

Akanywa kahawa yake amesimama, kikapu palepale. Akaviangalia viatu, akauangalia mguu.

— Siku ya kumpima, alikuwa amekaa au amesimama?

Tamimu akamtazama Korogwe, Korogwe akamtazama Redio, na Redio akakosa stesheni. Wote walikumbuka: Ntirampeba alikaa benchi hilihili, kikombe mkononi, mguu juu ya paja la fundi kama bibi harusi.

— Nauliza tu, Epifania akasema. Mguu wangu nikijitwisha mzigo unatanuka.

Akarudisha kikombe, akashika njia ya sokoni.

Ntirampeba akainuka. Akatwaa kipande cha ngozi katika mfuko wa zana wa Tamimu, akakitandika chini, akakikanyaga peku. Kisha akamgeukia Redio.

— Panda mgongoni.

— Mimi?

— Magogo ninayoinua yana uzito kama wako. Panda.

Redio akapanda, akilalama kwamba kiuno chake hakikuumbwa kwa safari. Mguu wa Ntirampeba ukatandazika juu ya ngozi, vidole vikaachana kimoja kimoja. Tamimu akapiga magoti, mkaa mkononi, akautazama mguu ule kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

— Itabidi nishone upya, vyote viwili.

— Vyote viwili, Ntirampeba akasema, shingo imemsimama mishipa. Chora.